Siku moja maishani mwangu: neno moja kutoka kwa Tai

Saa 11:40 alfajiri

Simu iliniamsha kabla ya adhana. Alikuwa Dada. Kabla hamjauliza: Dada ni mwanamume, ana masharubu ya kutundikia nguo, na ndiye bosi wangu. Kwa Kimarathi, lugha ya hapa Pune, dada ni kaka mkubwa. Kaka naye ni amu, ndugu wa baba. Na mama ni mjomba. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwa "mama" mwenye funguo za stoo, nikazunguka jengo zima nikimtafuta mwanamke, kumbe ni yule mzee wa mlangoni niliyempita mara tatu na kumwamkia. Siku hizi nimezoea, ila nikiwa na usingizi kichwa bado kinatafsiri kwanza.

"Leo ni Tai," Dada akasema. "Usichelewe."

Tai naye si ndege. Ni dada mkubwa, safari hii dada kweli, na waimbaji wanawake wa muziki wa kale huitwa hivyo kwa heshima hata wakiwa nyanya za watu. Tai wa leo ana miaka themanini na minne. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hapendi kelele, na sehemu kubwa ya habari hii inahusu kelele.

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Nilitoka Mombasa kuja kusoma kompyuta, kama vijana wengi wa Kenya na Tanzania wanaokuja vyuo vya mji huu. Kompyuta ikanichosha, spika zikaniokota. Nyumbani walishtuka, isipokuwa baba. Baba alikuwa akipiga kinanda cha hewa (harmonium) kwenye harusi za Kibokoni na Kuze, enzi za Juma Bhalo, wakati taarabu ya Mombasa ilipokuwa ikiazima tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi yetu. Aliposikia naenda India kushika nyaya badala ya vitabu, alicheka tu: "Haya, nenda ukaone walikozitoa."

Kulikuwa na baridi. Watu wakisikia India hufikiria joto, lakini Pune iko juu ya uwanda wa Deccan, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Desemba mtu wa pwani huoga kwa kujilazimisha.

Saa 1:15 asubuhi

Nikapanda riksho hadi godauni. Kwetu tungesema tuktuk, Watanzania wanaziita bajaji, na kampuni yenyewe ya Bajaj makao yake yako papa hapa Pune. Kwa hiyo wewe unayegombana na dereva wako Kariakoo au Likoni, mimi nagombana na wangu kwenye chemchemi.

Tukapakia lori. Kwa harusi tunabeba masanduku manne makubwa ya besi. Kwa Tai, Dada alibeba mawili, akayatazama, akarudisha moja. Chai tukanywa kwenye kibanda cha amruttulya, ndivyo zinavyoitwa chai za mji huu: nzito, tamu, iliki ya kutosha. Hilo ndilo jambo moja ambalo mtu wa Mombasa halazimiki kuzoea.

Saa 3 asubuhi

Uwanja wa shule, hema limekwisha simama, na jukwaa la mbao kimo cha kiuno. Juu ya jukwaa hakuna viti. Mazulia, godoro jembamba, shuka nyeupe ya kukunjuka hadi kingo. Mwimbaji wa muziki huu hukaa chini amekunja miguu, na wasikilizaji wa mbele pia hukaa chini, kama tunavyokaa kwenye maulidi. Viti vya plastiki ni vya nyuma, kwa wenye magoti mabovu. Hakuna anayepanda jukwaani na viatu. Nina soksi maalumu za kazi hii, na moja imetoboka.

Maiki zilikuwa saba. Moja ya Tai, moja ya mwanafunzi wake, mbili za tabla (ngoma ya kulia na ya kushoto, kila moja na tabia yake), moja ya kinanda, mbili za tanpura, ala ya nyuzi nitakayoieleza mbele. Bendi ya harusi hutaka thelathini, na katika thelathini fundi ana pa kujificha.

Saa 5 asubuhi

Hapa ndipo siku ilipotaka kuharibika.

Tulipowasha, spika zikaanza kuunguruma. Mmmmm. Si kwa nguvu; mtu wa harusi asingelisikia kabisa. Kijana mmoja mpya kwenye kikosi akaniambia, "Watu wakiingia hautasikika."

Nisikilizeni. Umeme wa India, kama wa kwetu, huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na muungurumo wake ni sauti yenye mahali pake kwenye kinanda: karibu kabisa na noti ya G. Tai zamani alikuwa akiimba kwa kidole cheusi cha nne, hivyo ndivyo wanavyotaja kimo cha sauti hapa, kwa kuhesabu vidole vya kinanda. Umri umemshusha hadi cheupe cha tatu, yaani E. Chukua E iwe nyumba, noti ambayo wimbo huirudia, halafu uweke G ikiunguruma chini yake saa mbili nzima. Umepata ile sauti ya tatu, ukihesabu kutoka nyumbani, iliyo bapa, ya huzuni. Na Dada alikuwa ameshanong'onezwa kwamba Tai angeanza na raga (mpangilio wa noti unaoongoza wimbo) ya Yaman, ambayo ya tatu yake iko juu, wazi, kama dirisha lililofunguliwa. Ina maana umeme wa serikali ungekuwa ukimsahihisha kikongwe, kwa makosa, usiku kucha.

Tukawinda muungurumo huo saa moja na nusu. Nyaya za taa zilikuwa zimelazwa ubavu kwa ubavu na nyaya za maiki, tukazitenganisha hatua mbili. Haikutosha. Mwishowe Dada akaamua taa zote zihamie jenereta yake peke yake, na mitambo ya sauti ibaki na yake. Mwenye taa akanung'unika juu ya dizeli. Dada, ambaye hupaza sauti kwa kila kitu, safari hii alizungumza polepole sana, na mwenye taa akaenda kununua dizeli.

Kimya kikaingia. Nikaketi katikati ya uwanja mtupu nikakisikiliza. Kunguru, pikipiki, mtu akifagia. Kwenye spika, hakuna.

Saa 8 mchana

Misal. Jamii ya choroko zilizochipua, mchuzi mwekundu wa kutoa machozi, chauro juu, mkate pembeni. Nilikula nimesimama.

Saa 9:30 alasiri

Tanpura zikafika, mbili, zimelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari kama wagonjwa. Aliyezileta ni mwanafunzi wa Tai. Msidhani ni kitoto: ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye wanafunzi wake mwenyewe mjini. Lakini mbele ya Tai yeye ni mwanafunzi, hubeba tanpura, hufungua vifuniko, na akimtaja marehemu mwalimu wa Tai hugusa ncha ya sikio lake kwa vidole, ishara ya kuomba radhi kwa kulitamka jina kubwa kwa kinywa kidogo.

Tai ni wa gharana ya Kirana. Gharana huwa naielezea nyumbani kwa kuifananisha na twarika: kuna sheikh, kuna silsila, kuna namna ya kufanya jambo ambayo huivunji hivi hivi. Silsila ya Kirana inapitia kwa Ustad Abdul Karim Khan, Mwislamu aliyefariki 1937, akaja mwanafunzi wake Sawai Gandharva, Mhindu, na kutoka kwake wakatokea Gangubai Hangal na Bhimsen Joshi. Bhimsen alitoroka kwao akiwa na miaka kumi na mmoja kwenda kutafuta mwalimu, akidandia treni. Namna yao ni kutokuwa na haraka. Sauti moja wanaikalia, wanaigeuza, wanaionja, kabla ya kugusa inayofuata.

Kaburi la Abdul Karim Khan liko Miraj, mji ulio kusini ya jimbo hili, na Miraj ndiko tanpura bora zinakotengenezwa. Buyu kubwa lililokaushwa ndilo tumbo lake, shingo ndefu ya mbao, nyuzi nne. Haipigi tuni. Nyuzi zinakwangurwa moja baada ya moja, kwa mzunguko, tangu mwanzo hadi mwisho, basi. Mtu asiyeijua huona ni mapambo. Siri yake iko kwenye daraja la nyuzi: chini ya kila uzi hupachikwa kijiuzi cha pamba, na ukikisogeza kwa upana wa unywele, uzi unaacha kulia "ting" na kuanza kuzuzuma kama nyuki kwenye mtungi, na ndani ya mzuzumo huo unasikia sauti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga.

Yule mwanafunzi alitumia dakika arobaini kusogeza vijiuzi vinne kwenye tanpura moja. Kisha akaanza ya pili. Uzi wa kwanza kwa kawaida huwekwa kwenye sauti ya tano; kwa ajili ya Yaman akaupandisha hadi ya saba. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na maiki, naisogeza inchi, naisikiliza, naisogeza. Hatukuzungumza. Hizo ndizo dakika nilizozipenda kuliko zote siku hiyo, na nikazirekodi kidogo kwenye simu.

Mpiga kinanda alifika akanikuta nakitazama chombo chake kuliko inavyostahili. Nikamwambia baba yangu alikuwa akikipiga, Afrika. Hakushangaa. Akanieleza kisa ambacho baba angekikasirikia: kinanda hiki kilipigwa marufuku kwenye redio ya taifa ya India kuanzia 1940 hadi 1971. Sababu? Kilitoka Ulaya, na vidole vyake vimekatwakatwa. Sauti ya mwimbaji wa hapa huteleza toka noti hadi noti kama mafuta, kinanda kinapanda ngazi. "Kwa hiyo nafanya nini?" akaniuliza mwenyewe, akijibu mwenyewe. "Namfuata nyuma kidogo, kama kivuli. Kivuli hakiulizwi kama kina ngazi."

Saa 10:40 alasiri

Tai akaja kujaribu sauti. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kajifunga shali kichwani na shingoni, kashikwa mkono na kijana. Akakaa. Akafumba macho. Tanpura zikaanza. Akatoa sauti moja, nyumba yake, Sa, chini, bila nguvu yoyote, labda kwa muda wa pumzi tatu. Halafu akafungua macho, akanitafuta kwenye meza ya mitambo kule katikati ya uwanja, akanyoosha kidole kwenye spika ndogo iliyo mbele ya magoti yake.

"Tanpura," akasema.

Nikaongeza tanpura. Akasikiliza. "Tanpura." Nikaongeza tena, hadi Dada akanikanyaga mguu maana spika ilikaribia kupiga mluzi. Tai akainuka, akaondoka. Dakika sita jumla. Sauti yake yenyewe hakuiuliza, wala tabla, wala kinanda.

Saa 11:30 jioni

Milango ilifunguliwa. Mlima wa viatu. Kijana wa filimbi ya mianzi akafungua jioni, akapiga vizuri, watu wakamsikiliza huku wakitafuta pa kukaa. Ndiyo maisha ya anayefungua.

Saa 12:15 magharibi

Jua likazama. Nikaswali magharibi nyuma ya lori, kwenye kipande cha kapeti kilichobaki, nikarudi.

Sasa nieleze jambo la saa, kwa sababu usiku wote uliegemea hapo. Raga za kaskazini ya India zina saa zake. Siku inagawanywa mafungu manane ya saa tatu tatu, yanaitwa prahar, manne ya mchana na manne ya usiku. Wenzangu wa Ulaya niliosoma nao walikuwa wakiliandika kwenye daftari na kulisahau. Mimi sikuhitaji daftari. Prahar ya kwanza ya mchana huanza jua linapochomoza. Saa yetu ya Kiswahili vilevile. Prahar ya kwanza ya usiku ni saa kumi na mbili hadi saa tatu: hapo Yaman. Ya pili, saa tatu hadi saa sita: hapo Bihag. Ya tatu, saa sita hadi saa tisa: hapo Malkauns na Darbari, zile nzito. Hesabu inakaa kama kofia. Ni mara chache sana hapa duniani saa ya nyanya yangu imekuwa na faida ya kitaalamu.

Tatizo ni serikali nayo ina saa yake. Kanuni za kelele za India za mwaka 2000 zinakataza spika mahali pa wazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Majimbo yanaweza kusogeza hadi saa sita, kwa siku zisizozidi kumi na tano kwa mwaka, na leo haikuwa mojawapo. Kumbi zilizofungwa hazihusiki. Uwanja wa shule unahusika. Maana yake ni kwamba prahar ya tatu, na raga zake, imebaki kwa kumbi, kwa rekodi, na kwa watu wanaoimba peke yao nyumbani.

Mzee mmoja alikuwa ameketi karibu na meza yangu, sweta, kofia ya sufu, chupa ya chai. Tuseme ajoba, babu. Tamasha lililoanzishwa hapa Pune 1953 kumkumbuka Sawai Gandharva lilikuwa likikesha, akaniambia, na Bhimsen akifunga alfajiri. "Tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja na wauza maziwa," akasema. "Sasa narudi pamoja na mke wangu."

Saa 2 usiku

Ndio muda alioandikiwa Tai. Badala yake: hotuba. Mgeni wa heshima, taa ya mafuta ya kuwashwa, shali ya kumtunuku, nazi ya kumtunuku, hotuba ya pili ya kueleza ile ya kwanza. Sisi wa pwani tunaojua hotuba za harusi tunaweza kuvumilia mengi, lakini kila dakika mgeni aliyoila ilikuwa ya Tai, maana saa nne haisogei. Pembeni ya lango alikuwa amesimama askari. Askari hapa wanaitwa mama, kwa utani. Mama alikuwa akitazama saa yake.

Saa 2:25 usiku

Tanpura zikaanza, na watu elfu moja na kitu wakaacha kukohoa.

Alianza chini, chini zaidi ya nilivyotegemea, mahali ambapo sauti ya mwanamke huwa karibu na mazungumzo. Khayal, namna hii ya uimbaji, ni neno la asili ya Kiarabu, wazo, njozi. Shairi lenyewe huwa mistari miwili mitatu, na linaweza kuliwa saa nzima. Tabla ikaingia, mapigo kumi na mawili yaliyonyoshwa hadi ukisahau unahesabu. Kila mzunguko ukirudi kwenye pigo la kwanza, Tai alikuwa akilifikia kama mtu anayeweka kikombe kwenye kisahani.

Kazi yangu ilikuwa vidole viwili. Kimoja juu ya Tai, kimoja juu ya mwanafunzi aliyekaa nyuma ya bega lake.

Hili wasikilizaji wengi hawalijui. Mwimbaji wa umri huo pumzi yake ni fupi. Anashika noti, anaijaza, halafu inamponyoka, na papo hapo mwanafunzi anaipokea, kwa sauti ileile, bila mshono, hadi mwalimu avute hewa na kurudi. Fundi ukimpandisha mwanafunzi sana, umemwambia uwanja mzima kwamba kikongwe ameishiwa. Ukimshusha sana, panatokea shimo. Mwaka juzi, kwa mwimbaji mwingine, mimi nilijitia huruma: kila pumzi ilipokatika nikampandisha mwanafunzi haraka, nikidhani nasaidia. Mwimbaji alipoteremka hakunisalimu. Dada akanieleza ndani ya lori: "Ulimtangaza." Tangu hapo navitazama mabega. Mabega ya Tai yakipanda, kidole changu kinateremka kwanza, kidogo tu, ili mwanafunzi aingie akitokea mbali.

Ikafika kama dakika ya thelathini na tano. Alikuwa amepanda ngazi ya Yaman polepole, noti kwa noti, na sasa alikuwa kwenye ile ya saba, kizingitini, chini kidogo ya Sa ya juu. Wimbo mzima ulikuwa unaelekea hapo. Akakaa kizingitini. Akazunguka, akashuka, akarudi, akakaa tena. Ajoba alikuwa ameinamia mbele, chai mkononi, haijanywewa. Nilijua, na nadhani wote walijua, kwamba Sa ya juu hana tena. Miaka imeichukua.

Akainua mkono. Kidole cha shahada kikaelekea juu, polepole, kikasimama. Kinywa chake kilikuwa wazi, na sauti iliyotoka kinywani ilikuwa Sa ya chini, laini, kama sakafu. Ya juu ilitoka nyuma ya bega lake, kwa mwanafunzi, nyembamba na safi, na zile sauti mbili zikakutana katikati na mzuzumo wa tanpura, ukashindwa kusema ipi ya nani. Uwanja ukapasuka. "Wah!" Ajoba akamwaga chai. Na wote, kila mmoja, walikuwa wakimtazama Tai, wakimtunza yeye kwa noti ambayo hakuiimba. Mwanafunzi alikuwa ameinamisha kichwa na kuendelea kukwangura nyuzi zake nne.

Sikugusa kitu. Vidole vyangu vilikuwa vimekaa hewani, na ndipo nikaona vinatetemeka.

Saa 3:20 usiku

Kosa langu.

Yaman imekwisha, makofi, Tai anakunywa maji ya moto. Mwanafunzi anashusha ule uzi wa kwanza kutoka ya saba kurudi ya tano, kwa ajili ya Bihag. Mpiga tabla kachukua kinyundo chake, tik tik tik kwenye ukingo wa ngoma. Mimi, kwa mazoea ya bendi, nikafunga maiki ya Tai ili watu wasisikie kikohozi na glasi. Nikageuka kuchukua maji yangu.

Ila muziki huu hauna mlango kati ya kulinganisha nyuzi na kuimba. Nyuzi zikipatana, mtu yumo ndani tayari. Nilipogeuka, midomo ya Tai ilikuwa ikitembea na spika zilikuwa kimya. Safu tatu za mbele walikuwa wakimsikia. Nyuma walidhani anazungumza na mpiga kinanda.

Ukifungua ghafla, sauti inaruka kama paka. Nikaifungua kwa pumzi moja ndefu, kutoka sifuri hadi mahali pake. Zilipotea sekunde nane, labda kumi. Ajoba akanigeukia na kunitazama namna mwalimu wa madrasa anavyomtazama mtoto aliyeruka aya. Dada hakunikanyaga. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Saa 3:48 usiku

Bhairavi. Ni raga ya asubuhi, lakini kwa ada ndiyo hufunga hafla hata iwe saa ngapi, na watu wakiisikia huanza kutafuta viatu kwa macho. Aliimba wimbo mdogo wa dini, dakika nane hivi. Alipomaliza ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Mtu akapaza sauti kutoka gizani, "Malkauns!" Wengine wakaitikia. Tai akatazama kule langoni, kwa mama askari, kisha akainamia maiki.

"Saa ya Malkauns haijafika," akasema kwa Kimarathi, "na saa ya serikali imefika."

Kicheko kile kilikuwa bado kinaendelea nilipozima spika. Saa nne kamili. Mama akapunga mkono, akawasha pikipiki yake.

Saa 5 usiku

Kukunja nyaya: juu, chini, juu, chini, zisipindane. Kijana mpya alikuwa akizikunja kwa kiwiko, nikamfundisha. Nilikuwa nikingojea kuitwa. Yule mwanafunzi akaja, tanpura moja begani, jasho kwenye paji la uso, sauti yake mwenyewe imekauka.

"Tai anauliza ni nani alikuwa kwenye mitambo."

Nikasema ni mimi. Nikaanza kueleza habari ya maiki.

"Anasema kesho, kule ukumbini," akanikatiza, "tanpura iongezwe kidogo."

Akaenda. Nikambebea ile ya pili hadi garini. Ni nyepesi mno, buyu na hewa. Unaibeba kama mtoto aliyelala, na ukiigonga bahati mbaya na kifungo cha shati inakuitikia.

Saa 7:30 usiku

Nyumbani. Kwetu Mombasa ilikuwa saa tano tu, na baba halali mapema. Nikamtumia ile rekodi ya mchana, dakika mbili na nusu: tanpura peke yake, vijiuzi vikisogezwa, kunguru mmoja, kisha mzuzumo unapotulia na kuwa mpana.

Alama mbili za buluu. Akasikiliza yote, najua kwa sababu jibu lilichelewa dakika mbili na nusu barabara.

"Nzuri. Lakini mwimbaji mbona haingii?"

Nikamwandikia: "Subiri, baba."

Nikalala na soksi zangu.